Ploti: Neno Moja, Viwanja Vingi

Kwa muda wa miaka kumi hivi nilikuwa na kisa nilichozoea kukisimulia kila nilipoanza kufundisha nadharia ya riwaya, nacho kilinifaa sana kwa kuwa hakikukosa kuzua kicheko. Kisa chenyewe kilimhusu mwanafunzi wa darasa la jioni niliyemfundisha mwaka 2004 katika ukumbi wa kukodi pembezoni mwa eneo la viwanda la Nairobi, lile ambalo wakazi wa jiji hulijua kwa jina lake la Kiingereza, Industrial Area. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfanyakazi wa kiwandani, aliyekuwa akijiandaa kuufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Tulikuwa tumemaliza kusoma Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed iliyochapishwa mwaka 1980, nami nikatunga jaribio ambalo swali lake la kwanza lilikuwa fupi: eleza ploti ya riwaya hii. Alama nane.

Jibu lake nalikumbuka karibu neno kwa neno, kwa sababu nimelirudia mara nyingi mbele za watu. Aliandika: “Ploti ya kwanza ni ya Bwana Maksuudi. Ina ukuta na mlango, na ruhusa ya kutoka anayo yeye. Maimuna amelelewa humo ndani. Akitoka hapo anaingia katika ploti ya Bi Kirembwe, nayo pia ina mwenyewe. Maimuna anahama ploti lakini hajawahi kuwa na yake.” Nilimpa sufuri. Kwa wino mwekundu nikaandika pembeni kwamba amechanganya ploti na mandhari, na kwamba ayapitie tena maelezo ya darasani.

Alipopokea karatasi yake alinijia mezani akaniuliza kwa sauti ya chini, “Mwalimu, kwani kuna ploti nyingine?” Nami nikamjibu kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima, “Ploti ya fasihi, mama, si ploti ya kupanga.” Wenzake wakacheka. Yeye akaikunja karatasi mara mbili, akarudi kuketi. Aliendelea kuhudhuria hadi muhula ukaisha, lakini swali hakuuliza tena.

Kisa hicho kilikoma kunifaa siku moja katika semina ya wanafunzi wa uzamili. Wengi walicheka kama ilivyokuwa kawaida, ila mmoja wao, kijana mwenye asili ya mitaa ya mashariki mwa jiji, hakucheka. Alisubiri kicheko kitulie, kisha akauliza: “Lakini, mwalimu, alikosea wapi?” Nilianza kumjibu, nikagundua kwamba jibu langu lilikuwa marudio tu ya wino mwekundu. Makala haya ni jaribio la kulijibu swali hilo kwa taratibu zaidi, ingawa limekwisha kuchelewa.

Hapana budi nianze kwa kukiri jambo ambalo sikuwa nikilitaja niliposimulia kisa changu. Mimi mwenyewe nimelelewa katika ploti. Baba alikuwa mfanyakazi wa zamu katika kiwanda kimoja, nasi tulipanga chumba upande wa Viwandani, si mbali na Barabara ya Lunga Lunga. Vyumba vilikuwa kumi na viwili, sita vikitazamana na sita, na katikati uwanja mwembamba wenye kamba za kuanikia nguo, bomba moja na choo kwenye kona. Watu wa zamu ya usiku walilala mchana, kwa hiyo sisi watoto tulijifunza kucheza bila kelele. Mwenye ploti hakuishi pale. Tulimwona mwanzo wa mwezi tu, na siku nyingine zote mamlaka yake yalishikwa na msimamizi aliyekaa chumba cha karibu na lango, akajua nani ameingia, nani ametoka na nani hajalipa.

Mtu aliyekulia humo hahitaji kuelezwa kwamba neno ploti halitaji ardhi peke yake. Tuliposema “ploti yetu” tulikusudia majengo, na pia watu. “Ploti nzima ilimjua” maana yake ni kwamba majirani walimjua. “Maneno ya ploti” yalikuwa ugomvi wa zamu ya kufagia, wa maji na wa siri zilizopenya kwenye kuta za mabati. Ploti ilikuwa pia kipimo cha safari ya maisha: mtu alihama ploti alipopata kazi bora, alihama usiku aliposhindwa na kodi, na ndoto ya kila mzee ilikuwa siku moja awe na ploti yake, hata kama iko mbali kiasi gani na mji. Kwa lugha hii mwanafunzi wangu alikuwa ameandika sentensi tano zisizo na kosa hata moja. Mimi niliyezielewa zote ndiye niliyemwambia kwamba hakuelewa.

Neno hili limetujia kutoka Kiingereza, na huko pia halijawahi kuwa na makao mamoja. Maana yake kongwe ni hiyohiyo ya mwanafunzi wangu: kipande kidogo cha ardhi. Baadaye, hasa katika karne ya 16, likakaribiana na neno jingine lililomaanisha ramani au mchoro wa kiwanja, likaanza kutumika kwa kazi ya mpimaji anayekihamisha kiwanja kutoka ardhini hadi karatasini. Katika majumba ya michezo ya kuigiza ya London mwishoni mwa karne hiyo, jina hili lilipewa karatasi iliyobandikwa kwenye ubao na kutundikwa nyuma ya jukwaa, ikionyesha mwigizaji yupi aingie lini na kwa mlango gani. Karatasi chache za namna hiyo zimehifadhiwa hadi leo. Zilikuwa ramani za mchezo, si muhtasari wa hadithi. Katika kipindi hichohicho neno likachukua maana ya mpango wa siri wenye nia mbaya, na Waingereza hulitumia hata sasa kuitaja njama ya mwaka 1605 ya kulilipua Bunge lao kwa baruti. Mwisho likaingia katika hisabati, ambako kuploti ni kuweka nukta mahali pake kwenye grafu.

Maana hiyo ya mwisho nilikutana nayo kiwandani kabla ya kukutana na ile ya fasihi. Likizo moja nilipata kibarua cha kupima uzito wa pakiti kabla hazijafungwa katika maboksi. Kila baada ya muda, karani mmoja alichukua pakiti chache, akazipima upya, akatia nukta katika karatasi ya miraba iliyokuwa na mstari wa juu na mstari wa chini. Nukta zikiwa baina ya mistari, kazi iliendelea. Nukta ikitoka nje, mashine ilisimamishwa na mtu akaitwa kujieleza. Sikujua wakati huo kwamba utaratibu huo una historia yake, iliyoanza mwaka 1924 kwa Walter Shewhart wa Marekani, mwanatakwimu aliyebuni grafu za kudhibiti ubora wa bidhaa. Nilichokiona ni kwamba karani hakuwa na haja ya kujua kwa nini pakiti fulani ilikuwa nyepesi. Kwake ilitosha kujua imeangukia wapi.

Nalitaja jambo hili kwa sababu linatupa tofauti ambayo wahakiki wanaijua vyema. E. M. Forster, katika kitabu chake cha mwaka 1927 kuhusu riwaya, alitenganisha hadithi na ploti kwa kigezo cha usababishi: matukio yaliyofuatana tu kwa wakati ni hadithi, na matukio yaliyofungamana kwa sababu na matokeo ni ploti. Kwa kipimo hicho karani wa kiwandani alikuwa na hadithi, ingawa yeye mwenyewe aliiita kazi yake kuploti. Kabla ya Forster, Aristotle alikuwa amesisitiza kwamba utungo wa tanzia uwe kitu kizima chenye mwanzo, kati na mwisho, tena uwe na urefu ambao kumbukumbu inaweza kuushika. Tukitazama vizuri tutaona kwamba dhana hizi zote, pamoja na utukufu wake, zinafanya kazi ya mpimaji wa ardhi. Zinachimbia vigingi. Zinatuambia tukio lipi limo ndani ya kiwanja na lipi limo nje.

Mhakiki aliyeliona hili waziwazi ni Peter Brooks wa Marekani, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1984 kuhusu ploti alizipitia maana za neno katika kamusi, akadai kwamba huenda kuna mantiki inayoziunganisha: katika kipande cha ardhi, katika mchoro na katika simulizi kuna wazo la kuweka mipaka na kupanga kilichomo ndani yake, na njama inaongeza kwamba upangaji huo hufanywa na mtu mwenye nia. Nilikuwa nimemsoma Brooks kabla ya mwaka 2004. Nilikuwa hata nimewahi kumtaja katika mhadhara. Hata hivyo, aliyoyaandika kuhusu kamusi ya Kiingereza hayakunijia akilini niliposhika kalamu nyekundu, kwa kuwa sikutarajia kuyakuta katika karatasi ya mwanamke aliyetoka kazini na mfuko wa mboga mkononi.

Ploti ilifikaje Nairobi? Mji wenyewe ulianza na mipaka ya watu wa reli, waliofika hapo mwaka 1899, na eneo la viwanda likaja kukua kusini mwa kituo, likihudumiwa na njia ndogo za reli zilizochepuka hadi ndani ya nyua za viwanda. Mpango mkuu wa jiji wa mwaka 1948 uliendeleza utaratibu wa kuligawa jiji kwa kazi: hapa serikali, hapa biashara, hapa viwanda, na upande wa mashariki mitaa ya wafanyakazi Waafrika. Katika mitaa kama Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940, mfanyakazi alikuwa mpangaji wa halmashauri. Katika Makongeni alikuwa mpangaji wa mwajiri wake, reli. Ardhi yenyewe ilikuwa ploti katika vitabu vya wapimaji tu, yenye namba badala ya jina.

Katika miaka ya 1970 mambo yakabadilika kiasi. Mradi wa Dandora, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulikusudia kugawa viwanja 6,000 vilivyowekewa maji na maji taka, kila mwenye kiwanja ajijengee. Wengi walijenga vyumba kuzunguka ua, wakaishi katika kimoja na kupangisha vilivyosalia, na wengine wakapangisha vyote. Naamini ni kwa njia ya namna hii, katika Dandora na katika mitaa mingine iliyojengwa kwa mtindo huo, kwamba neno la mpimaji lilihama kutoka kwenye ardhi likapanda juu ya majengo, kisha likawaingia wakazi. Vijana nao wakalichukua wakalipeleka mbele zaidi. Katika Sheng, anayeuliza ploti ni gani leo huuliza mpango wa jioni, starehe iko wapi na nani atakuwepo. Kwa hiyo katika jiji moja neno moja linashika ardhi, nyumba, majirani, grafu na mpango, na hakuna anayepotea.

Anayepotea ni mwanafunzi anapoingia darasani mwetu. Je, sisi wahakiki wa Kiswahili tumemwandalia nini? Tunayo istilahi zaidi ya moja kwa dhana hii. Baadhi yetu tunaandika ploti, wengine msuko, wengine mtiririko wa matukio, na wako walioijumuisha katika muundo. Aghalabu tunazitumia kana kwamba ni majina manne ya kitu kimoja, ilhali kila moja lina sitiari yake. Mtiririko ni maji: unatutazamisha mwendo na mteremko, na kutuaminisha kwamba matukio yanakwenda yenyewe. Msuko ni ukili au nywele: unatuonyesha mikono inayofanya kazi, nyuzi zinazopishana, na uzuri wa kitu kilichokazwa sawasawa. Muundo ni jengo. Na ploti? Ploti ndiyo istilahi pekee kati ya hizi inayokuja na mwenyewe. Hakuna ploti isiyo na jina katika hati, mpaka, na mtu aliye nje ya mpaka huo.

Hapo ndipo ninapoiona sasa thamani ya jibu nililolipa sufuri. Mwanafunzi wangu alisoma Utengano kwa maswali ambayo ploti yoyote ya Nairobi humlazimu mpangaji ayaulize: ya nani, lango liko wapi, nani anaruhusu kutoka, na mtu akihama anahamia kwa nani. Mimi niliwafundisha kwamba riwaya ina mgogoro, kilele na usuluhisho, na kwamba nyumba ya Bwana Maksuudi ni mandhari, yaani mahali ambapo mgogoro unatokea. Yeye aliona kwamba nyumba ndiyo mgogoro. Kufungiwa kwa Maimuna ndani si pazia la nyuma ya matukio. Ni sababu ya matukio, kwa maana ileile ya Forster: anatoroka kwa kuwa amefungiwa, na anaangukia mikononi mwa Bi Kirembwe kwa kuwa ametoroka bila kuwa na pa kwenda palipo pake. Sentensi yake ya mwisho, kwamba Maimuna anahama ploti lakini hajawahi kuwa na yake, ni muhtasari wa usababishi wa sehemu kubwa ya riwaya, na umetolewa kwa maneno manane.

Sylvia Wynter, mhakiki na mwandishi wa riwaya wa Jamaika, aliandika mwaka 1971 makala kuhusu riwaya na historia ambamo aliweka ploti mkabala wa shamba kubwa la mkoloni. Ploti aliyoikusudia ni kipande cha ardhi walichopewa watumwa wajilimie chakula. Alieleza kwamba riwaya na uchumi wa mashamba makubwa vilikua pamoja chini ya soko moja, na kwamba katika vile vipande vidogo palihifadhiwa utamaduni na maadili yaliyopingana na soko hilo. Nilipoisoma makala hiyo nilishawishika kuona mfano wetu papo hapo: kiwanda mbele, ploti nyuma, king'ora upande huu na hadithi za jioni upande wa pili. Lakini tusikimbilie mlinganisho. Ploti ya Viwandani haikuwa bustani ya viazi. Ilikuwa biashara yenyewe, na chumba chetu kilikuwa bidhaa kama sabuni iliyopikwa ng'ambo ya barabara. Kama palihifadhiwa kitu humo, kilihifadhiwa na wapangaji kwa gharama yao, katika ule uwanja mwembamba wa katikati ambao haukupangishwa kwa mtu.

Na tazama jinsi Kiswahili kilivyokuwa kimeliona jambo hili kabla yetu. Kiwanda na kiwanja ni ndugu wa tumbo moja, kila kimoja ni kidogo cha uwanda au uwanja. Kiwanda kilikuwa mahali pa wazi ambapo fundi hufanyia kazi yake kabla hakijawa jengo lenye bomba la moshi, na uwanja ni mahali pa ngoma, pa michezo na pa masimulizi. Kwa hiyo mtaa unaoitwa Viwandani umebeba katika jina lake kazi, ardhi na mchezo kwa pamoja. Kama waasisi wa istilahi zetu wangelitafuta neno linalofunga mahali na masimulizi katika fundo moja, lilikuwa hapo likiwasubiri. Sisi tulikopa ploti, tukaichuna udongo wake, tukamwadhibu mwanafunzi aliyeurudisha.

Nasikia pingamizi, nayo si dhaifu. Istilahi, watasema, huishi kwa uthabiti. Mwanafunzi wa fizikia hawezi kujibu swali la kazi kwa kueleza ajira ya baba yake, hata kama kazi ni neno moja. Kila uwanja wa elimu una haki ya kuliwekea neno uzio, na mtihani hupima kama mtahiniwa ameujua uzio huo. Nakubali. Tena nakubali kwamba wingi wa maana si hekima kwa nafsi yake. Maneno mengine hukutana kwa ajali ya sauti tu, na anayejenga nadharia juu ya ajali hiyo hujenga juu ya mchanga. Lakini maana za ploti hazikukutana kwa ajali. Zimetokana au zimevutana kihistoria, na jambo linaloziunganisha ndilo hasa tunalolihitaji katika uhakiki. Isitoshe, fizikia haidai kueleza maisha ya baba wa mwanafunzi. Fasihi inadai hivyo. Tukishasema kwamba riwaya inahusu jamii, hatuwezi kumgeukia mwanajamii na kumwambia kwamba maneno yake hayahusu riwaya.

Waandishi wetu wametangulia mbele ya istilahi zetu. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, wasomaji wengi walilalamika kwamba ploti imetoweka. Pengine ilikuwa imerudi kwao. Mzingile ni njia zinazozunguka na kumpoteza anayezipita. Ni umbo la mahali kabla ya kuwa umbo la hadithi. Msomaji anayeuliza nini kilitokea kisha nini anatoka mikono mitupu, ila anayeuliza niko wapi, na mlango uko wapi, anapata pa kuanzia. Wa pili huyo ni msomaji wa aina ya mwanafunzi wangu. Ningempa Mzingile badala ya kumpa sufuri, huenda angenifundisha kuisoma.

Yapo mambo mazito kuliko alama za jaribio yanayotegemea kuelewa neno hili kwa ukamilifu wake. Sehemu kubwa ya ardhi ya Mukuru, inayojumuisha kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani, ilikuwa imegawiwa watu binafsi na kampuni kwa hati za ukodishaji katika miaka ya 1980 na 1990, ikusudiwe kwa viwanda vidogo, ilhali watu walikuwa wakiishi juu yake. Mwezi Agosti 2017 Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la upangaji, na wakazi wa kaya zinazokadiriwa kuwa 100,000 wakahusishwa katika kuchora mustakabali wa mitaa yao. Mwezi Novemba 2021, katika kwa Njenga, nyumba nyingi zilibomolewa kupisha barabara, na maelfu ya watu wakajikuta wakilala juu ya vifusi vya vyumba vyao. Ardhi, ramani, mpango, njama: maana zote za neno letu zilikuwepo hapo kwa mara moja. Aliyeshika ramani aliita mpango. Aliyelala nje aliita njama. Kiingereza kina neno moja kwa yote mawili, na Kiswahili, kwa busara yake, kina mawili, ili tulazimike kuchagua na kujulikana tumesimama upande gani.

Mhakiki naye huchagua. Anaposema kwamba ploti ya riwaya inaanzia hapa na kuishia hapa, kwamba huyu ni mhusika mkuu na yule ni mpita njia, kwamba nyumba ni mandhari na kutoroka ni tukio, anachimbia vigingi katika ardhi ambayo wengine wanaishi. Si lazima awe na nia mbaya. Karani wa grafu hakuwa na nia mbaya. Lakini nukta iliyotoka nje ya mistari yake ilimsimamisha mtu mbele ya msimamizi ajieleze, na mwanamke mmoja alisimama mbele ya meza yangu kwa sababu ya mistari niliyoichora mimi.

Nimejiuliza ningempa alama ngapi leo. Si zote nane. Hakueleza kinachotokea Maimuna anapokwisha kuyaonja ya kwa Bi Kirembwe, wala hakusema lolote kuhusu mwisho wa riwaya, na swali lilimtaka aseme. Ningempa tano, na pembeni ningeandika: endelea, Maimuna akiondoka kwa Bi Kirembwe ni nani anayemfungulia lango? Hilo lingekuwa swali la uhakiki, na angekuwa na la kulijibu. Katika mitihani ninayoitunga siku hizi, nikitaka mfuatano wa matukio naandika msuko wa matukio, na nikiandika ploti naeleza kwamba nataka pia mahali, mipaka na mwenyewe. Wanafunzi wengine hulalamika kwamba swali limekuwa refu.

Kisa changu sikisimulii tena mwanzoni mwa mhadhara. Nimekiandika hapa mara hii ya mwisho, kwa sababu kilichapishwa kwa kinywa katika vyumba vingi vya mihadhara na marekebisho yake hayana budi kuchapishwa pia. “Mwalimu, kwani kuna ploti nyingine?” aliniuliza. Ziko nyingi, mama. Lakini ile uliyoitaja ndiyo iliyozizaa zote, nami nilikuwa nimetoka humo.